Zamu ya Kusonga Ugali

Kila siku Violeth alipotoka shule alivua sare, akawasha jiko la mkaa na kuchota maji kwenye pipa. Alikuwa darasa la sita. Tangu Mama apate kazi ya kufanya usafi maofisini na kuanza kurudi nyumbani Ihumwa karibu saa mbili usiku, chakula cha jioni kilikuwa mzigo wa Violeth. Wadogo zake nao walikuwa mzigo wake: Ruthu wa miaka mitano, na Luka ambaye hajatimiza mitatu.

Jumanne ile alikuwa na hasira tangu asubuhi. Mwalimu alimsimamisha mbele ya darasa kwa kutomaliza hesabu. Angezimaliza saa ngapi? Sasa ugali ulikuwa jikoni ukitokota, sufuria ya mboga ya mlenda ulioiva ilikuwa sakafuni, Ruthu analia njaa, na Luka ananing'inia kwenye khanga yake.

"Kaka Fredy!" aliita. "Njoo umchukue Luka, nasonga ugali!"

Fredy, kaka yake wa kidato cha pili, alikuwa barazani na Baba wakitazama mpira kwenye simu. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma Kizota, na siku hiyo alirudi mapema.

"Hiyo kazi yako," Fredy alijibu bila kuinua macho.

"Kwani chakula bado tu?" Baba akaongeza.

Violeth aliukandamiza mwiko kwa mikono miwili. Luka akavuta khanga tena.

"Niache!" alifoka, akamsukuma kwa goti.

Hakumsukuma kwa nguvu. Lakini Luka alipepesuka, akaanguka, na mkono wake ukazama kwenye mlenda wa moto.

Yowe lake liliwaleta wote mbio. Violeth alikuwa ameshamnyakua na kuutumbukiza mkono ule kwenye ndoo ya maji safi. Fredy akatokea na dawa ya meno.

"Mpake hii!"

"Toa hiyo!" Violeth alimkaripia. "Tumefundishwa shuleni, ni maji ya baridi tu!"

"Umemfanya nini mtoto?" Baba alinguruma.

Ingekuwa rahisi kusema amejikwaa. Violeth hakusema hivyo.

"Nimemsukuma, Baba. Nimekosa. Lakini nimeita, na nyote wawili mmenisikia!"

"Unanijibu?" Baba aliinua mkono, kisha akaushusha. Luka alikuwa bado analia. Baba akatoka kutafuta bajaji.

Kwenye zahanati, muuguzi aliyeitwa Emiliana aliukagua mkono kwa makini.

"Nani aliuweka kwenye maji?"

"Mimi, shikamoo," Violeth alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Kwa muda gani?"

"Mpaka bajaji ilipokuja."

"Umefanya vizuri. Atatoka malengelenge kidogo, lakini atapona." Muuguzi akamgeukia Baba. "Nani alikuwa anamwangalia mtoto?"

"Dada yake huyu. Ndiye aliyemsukuma kwa hasira."

"Na nani alikuwa anapika?"

Baba alijikohoza. "Huyu huyu."

"Na wewe, baba, ulikuwa safarini?"

"Hapana. Nilikuwa... barazani."

Muuguzi aliweka bandeji mezani kwa kishindo. "Naletewa watoto walioungua, nikiuliza naambiwa kosa ni la msichana! Mtu mmoja hawezi kusonga ugali huku akimwangalia mtoto mdogo. Hata mimi siwezi. Siku nyingine hataungua mkono tu." Kisha akamtazama Violeth. "Na wewe sikia. Hasira yako nimeielewa. Lakini mpelekee mkubwa anayeweza kukusaidia. Usimmalizie mdogo anayekutegemea."

Violeth aliinamisha kichwa. Machozi aliyoyazuia tangu asubuhi yakamtoka.

Mama aliporudi usiku na kupata habari hakuketi hata kuvua viatu. Alimkaripia Violeth kwanza, kwa sababu ya goti lile. Kisha akaingia na Baba chumbani, akafunga mlango, na sauti yake ilisikika mpaka uani.

Kesho yake jioni Fredy alikaa barazani na Luka mapajani, Ruthu pembeni. Alikuwa amenuna, lakini alikaa. Baba alishika mwiko. Moshi ulimliza, unga ukamrukia kwenye ndevu, na mara mbili aliita kuuliza kama maji yanatosha. Violeth alichambua mboga. Bado alikuwa na kinyongo.

Walipoketi kula, Ruthu alitoa donge mdomoni. "Baba, ugali una unga mbichi."

"Nimeuona," Baba alisema. Hakucheka. Alimtazama Violeth. "Jana nilikuuliza umemfanya nini mtoto. Nilipaswa kujiuliza mwenyewe. Chakula hiki tunakula sote, basi kazi yake ni yetu sote. Kuanzia leo anayepika haangalii watoto, na anayewaangalia hapiki. Anayehitaji msaada aseme, na anayeitwa aende. Fredy, umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

"Basi kesho zamu ya kusonga ni yako."

Violeth alimega tonge, akachovya, akampa Luka upande wa mkono wake mzima.