Sauti Mpya ya Gari la Rafidah

Siku ya nane baada ya kumzika bibi yake, Rafidah aliwasha gari aende shuleni, na gari likaanza kulia. Ting, ting, ting. Kwenye skrini ya katikati ikawaka alama nyekundu: abiria wa kushoto hajafunga mkanda.

Hakukuwa na abiria wa kushoto. Mkoba wake ulikuwa kiti cha nyuma. Aliinama akakipapasa kile kiti, akakipigapiga kama mtu anayekung'uta mto, akachungulia chini yake. Hamna kitu. Aliendesha kilomita kumi na mbili mpaka shule aliyokuwa akifundisha hesabu, pale Pasir Mas, mji mdogo wa Kelantan, kengele ikimlilia sikioni njia nzima. Getini mlinzi alimcheka.

"Mwalimu, mfungie mkanda huyo mgeni wako, maskini!"

Rafidah hakucheka. Ni katika kiti kile Tok Som alipokata roho.

Kijiji kizima kilimwita bibi yake Tok Som, yaani Bibi Som, hata wasio wajukuu zake, maana nusu yao walizaliwa mikononi mwake. Alikuwa mkunga kwa miaka hamsini. Na kila mtu alijua, ingawa hakuna aliyesema kwa sauti, kwamba mikono ile haikuwa ikifanya kazi peke yake. Tok Som alikuwa na saka: jini wa ukoo, anayerithiwa kama watu wanavyorithi shamba la mpira. Aliachiwa na mama yake, na mama yake aliachiwa na wa kwake. Akiwa na bwana wa kumlisha, jini wa namna hiyo hutulia; akikosa kulishwa, hujitafutia kwenye matumbo ya wajawazito. Lakini mwenye naye hafi kwa raha mpaka apatikane wa kumpokea, na anayempokea lazima atoe idhini mwenyewe.

Siku tisa Tok Som alilala akihema kama samaki aliyetupwa mchangani. Wazee walipanda juu wakang'oa bati moja ili roho ipate njia. Haikutoka. Kila Rafidah alipokaa karibu, kile kiganja kikavu kilimshika mkono. "Fidah, utampokea?"

Rafidah alivuta shuka akamfunika. Kusema hapana mbele ya macho yale hakuweza, na kusema ndiyo aliogopa. Siku ya kumi walimbeba bibi wakamlaza kwenye kiti cha mbele kilichoshushwa mpaka nyuma, Rafidah akashika usukani kumkimbiza hospitali. Juu ya daraja la mto Tok Som aliuliza tena, sauti kama karatasi inayokunjwa. Rafidah akakaza macho barabarani. Walipomaliza daraja, kule kuhema kulikuwa kumekoma.

Sasa kiti kilikuwa kinadai mkanda.

Mumewe Kamarul alikitoa nje, akakipiga brashi, akakirudisha. Kikalia vilevile. Wakalipeleka gari kwa fundi Jeevan, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, aliyekuwa anahudumia magari ya umeme ya kampuni ile. Jeevan aliunganisha kompyuta yake, akasoma, akakuna kidevu.

"Ajabu. Gari linasema hapo pana mtu wa kilo thelathini na nane," akasema. "Lakini kiti ni kizima, kak, dada yangu. Hii si kazi ya spana. Ni programu imechanganyikiwa. Nitapeleka taarifa, kampuni watatuma apdeti."

"Nililete lini tena?"

"Usilete. Inashuka yenyewe kwa hewani, kama ya simu. Gari lako kila siku linaongea na kampuni. Linapeleka habari zake juu, wao wanazisoma, wanarekebisha, wanashusha chini kwa magari yote ya aina hii. Wewe uko jikoni unakaanga samaki, lenyewe limeshapakua. Kinachobaki ni ruhusa yako tu. Skrini itakuuliza kama unaipokea. Usipobonyeza, haiingii."

"Na nikibonyeza?"

"Usikae ndani. Litajifunga kama nusu saa. Likiamka, jipya."

Rafidah alishukuru. Kilo thelathini na nane hakumwambia mtu. Ndizo alizokuwa nazo Tok Som mara ya mwisho nesi alipompima.

Apdeti ilishuka Ijumaa, siku ya mapumziko kwao. Kamarul alikuwa ametoka kununua wali wa asubuhi. Rafidah alifungua mlango wa gari kuchukua madaftari ya wanafunzi, akakuta skrini inawaka. *Marekebisho ya kiti cha abiria. Sauti mpya ya msaidizi. Je, unapokea?* Chini yake vibonye viwili: Ndiyo, na Baadaye.

Alibonyeza Ndiyo kama tunavyobonyeza sote, akili ikiwa kwenye madaftari. Alipofunga mlango ndipo lile neno *unapokea* lilipomfika. Akashika kitasa. Gari lilikuwa limeshajifunga.

Alisimama barazani akichungulia kupitia kioo. Skrini ilihesabu asilimia taratibu: nane, kumi na tisa, arobaini. Ilipofika sitini, kiti cha kushoto kilianza kurudi nyuma chenyewe, polepole, bila kelele, kikalala mpaka pale walipokuwa wamekilaza siku ile ya daraja. Kisha ule mkanda ukanyooka kutoka kwenye ukuta wa gari, ukapita juu ya kiti kitupu na kubana.

*Imekamilika,* skrini ikaandika. *Asante kwa kupokea.*

Tangu asubuhi ile gari halikulia tena. Kamarul alifurahi. "Si unaona? Ni programu tu."

Rafidah hakuwa na furaha. Upande wa kushoto hewa ya baridi ilikuwa ikijizima, ikageuka joto la nyuzi ishirini na nane, na kila alipoirekebisha ilijirudisha, kama kuna mzee mle anayelalamikia baridi. Mara ikaja harufu: mafuta ya kokwamanga na tangawizi ambayo wakunga husugulia matumbo, na chini yake kitu kingine, kama damu iliyokaa kwenye kitambaa.

Jumatatu alipotoka shuleni ramani ilikuwa imeshapanga njia. Yeye hakuandika kitu. Ilionyesha nyumba moja kijiji cha pili, na alipotaka kuifuta haikufutika. Nyumba ilikuwa njiani kwake. Alipoifikia akapunguza mwendo, akaona viatu vingi mlangoni na mwanamke mzima ameketi ngazini, kajifunika uso.

"Kuna nini, mak cik?" aliuliza Rafidah kupitia dirishani, akimwita shangazi kwa heshima.

"Mkwe wangu," mwanamke akasema. "Mtoto amefia tumboni. Jana tu alikuwa anacheza. Leo mchana, yule mtoto…" Akanyanyua uso, akanusa hewa iliyotoka garini, na macho yakamtoka. "Nani uko naye humo ndani?"

Rafidah aliondoa gari bila kuaga.

Siku mbili zilipita. Ya tatu ramani ikapanga safari nyingine, ndefu: saa tatu kwenda kusini, mpaka Gua Musang, nyumba yenye geti la bluu. Rafidah aliijua. Ilikuwa nyumba ya mdogo wake Yusni, mwenye mimba ya miezi saba.

Alimpigia Jeevan akiwa amesimama uwanjani, mbali na gari, ananong'ona kama mwizi. "Irudishe ile ya zamani. Ifute hii."

"Kak, haiwezekani. Ikishapokelewa hairudi nyuma. Labda ije nyingine juu yake." "Halafu nilitaka kukuuliza. Hii apdeti yako, nimetafuta kampuni, wanasema hawajatuma kitu."

Jioni ile Kamarul alimleta Ustaz Mokhtar, mtu mnene, mpole, aliyewahi kutoa majini katika viwanda na mabweni. Alizunguka gari mara moja tu, akasimama upande wa kushoto, jasho likamtoka.

"Nani amempokea?"

"Mimi," akasema Rafidah. "Kwa kidole. Sikusema kwa mdomo, ustaz."

"Idhini ni idhini, binti. Bibi yako aliondoka bila jibu, huyu akakaa alipoachwa, akaomba kwa njia aliyoikuta. Sasa aliyempokea ndiye wa kumkataa. Utaingia, utakaa kwenye usukani, nitasoma nje. Utasema neno moja: sikupokei. Atakuuliza maswali. Usijibu. Hata akikulilia. Unanisikia? Usijibu chochote."

Kamarul alitaka kuingia naye, ustaz akamzuia. Rafidah aliketi. Ustaz alipoanza tu kusoma, milango yote minne ikajifunga kwa mpigo mmoja, na sauti yake kule nje ikawa ndogo, kama inatoka nyumba ya jirani.

Joto likapanda. Harufu ya mafuta ikamjaa kooni, na kile kiti cha kushoto kikabonyea katikati, kidogo kidogo, ngozi yake ikilalamika, mpaka Rafidah akawa anaona kwa pembe ya jicho lile shimo la mgongo na lile shimo la kichwa, na hakuthubutu kugeuka, kwa sababu alijua akigeuka ataona alichokataa kukitazama pale darajani, na ndipo kwenye spika za gari, spika zote kwa pamoja, mbele na nyuma na karibu na goti lake, ikatoka ile sauti ya karatasi inayokunjwa.

"Fidah. Kuna baridi."

"Sikupokei," Rafidah akasema.

"Nilikukanda mimi ulipozaliwa. Hukulia. Nilikupulizia puani."

"Sikupokei, Tok." Machozi yalimtiririka. "Nisamehe. Sikupokei."

Mkanda wa kushoto ukafyatuka, ukarudi ukutani. Nje, ustaz alipandisha sauti. Kiti kikaanza kuinuka, ule ubonyeo ukapungua, na Rafidah akadhani yameisha. Kisha ile sauti ikaja tena, karibu kabisa na sikio, yenye pumzi.

"Basi nani? Niende kwa Yusni?"

"Usijibu!" ustaz akapiga kelele, akigonga kioo kwa kiganja.

"Yeyote!" Rafidah alilia. "Yeyote, asiwe wa kwetu!"

Kwenye skrini mshale ukatokea, umeelekea juu, na asilimia zikaanza kuhesabu mbio, safari hii si kupokea bali kutuma. Sabini. Tisini. Mia. Milango ikafunguka. Hewa baridi, safi, ikavuma kutoka matundu yote.

Ustaz Mokhtar alimtoa Rafidah kwa mkono. Hakumpa pole. Alichukua kikapu chake, akakataa chai, na getini akamwambia Kamarul kwa sauti ya chini, "Ameondoka. Hakufukuzwa. Ametumwa." Akapanda pikipiki yake akaenda.

Yusni alijifungua salama mtoto wa kike, wakamwita Humaira. Gari likawa gari tu. Apdeti nyingine zikaja, halali, za kampuni, na Rafidah kila siku alibonyeza Baadaye.

Mwezi wa nne baada ya hapo Rafidah na mumewe walikwenda Kuala Lumpur kwenye harusi. Adhuhuri walisimama kuchaji kwenye kituo cha mapumziko cha barabara kuu. Kamarul akaenda kuswali. Pembeni yao kulikuwa na gari kama lao, jeupe, na mwenyewe, Mchina mcheshi wa makamo aliyejitambulisha kwa jina la Phang, alikuwa amejiegemeza akila ndizi za kukaanga.

"Ndugu wa gari moja!" akasema. "Umeshapata apdeti ya mwezi huu?"

"Bado."

"Ipokee, dada! Sauti mpya, tamu kweli. Bibi kizee, anaongea lafudhi yenu ya Kelantan hasa! Mke wangu alicheka mpaka akashika tumbo. Juzi eti bibi ananiuliza kama nitampokea. Nikamwambia ingia bibi, kiti kipo. Ha! Wanafikiria kila kitu siku hizi."

Mlango wa nyuma wa gari jeupe ukafunguka. Akatoka mwanamke kijana, mgongo kaushikilia kwa mkono mmoja, tumbo limetangulia mbele.

"Mbona huketi mbele na bwana?" Rafidah alimuuliza. Sauti yake mwenyewe aliisikia kwa mbali.

"Pale mbele kunanichefua. Kunanuka mafuta ya kuchua," yule mwanamke akasema, akitabasamu kwa uchovu. "Phang anasema ni pua ya mimba."

"Miezi mingapi?"

"Nane. Wa kwanza. Tumengoja miaka kumi na mmoja."

Rafidah alifungua mdomo. Aliwaza namba ya Ustaz Mokhtar, iliyokuwa bado kwenye simu yake. Kisha akamwaza Humaira amelala kifuani kwa Yusni, na kile kitu kikifukuzwa kule na kuhitaji pa kurudi.

"Mungu akujalie," akasema. Akachomoa waya wa chaji kabla haijajaa.

Walipokuwa wameshaingia barabarani, Kamarul alimtazama. "Nilikuona unaongea na wale watu. Walikuwa wanasemaje?"

"Magari," akasema Rafidah. "Tulikuwa tunaongea magari tu."