Nafasi ya Jina Moja

Mwili ulikuwa sakafuni, kati ya kitanda na cherehani. Bi Cherehani, fundi mstaafu aliyewashonea sare nusu ya watoto wa mtaa ule, alikuwa amelala kifudifudi, uso umegeukia pembeni. Macho yalikuwa yamemwishia siku nyingi, lakini vidole bado vilijua kazi: uzi mweupe ulikuwa umejiviringisha kwenye kidole cha shahada. Kwenye paji la uso kulikuwa na uvimbe wa ukubwa wa limau.

Inspekta alichuchumaa. Kituoni walimwita Mkasi, kwa kuwa maswali yake yalikuwa mafupi na yalikata.

"Nani kamkuta?"

"Mimi," alijibu binti mkubwa, mwanamke wa miaka hamsini hivi, aproni bado kiunoni. "Saa moja asubuhi. Nilikuwa namletea chai."

"Mnaishi wangapi humu?"

"Wawili. Miaka kumi na moja namuogesha, namlisha, namvalisha."

"Jirani alisikia ugomvi jana, Jumatano, mchana."

"Nilikuwa nabishana na mdogo wangu kwenye simu. Muulizeni huyo. Yeye ndiye daktari wa simu."

Alilitamka neno la mwisho kama mtu anayetema mbegu chungu. Mkasi aliandika kwenye daftari lake, akafunga.

Majibu ya uchunguzi wa maiti yalitoka siku iliyofuata. Hakupigwa. Damu ilivuja kwenye ubongo kwanza, akaanguka, na uvimbe ukafuata.

"Alikuwa anatumia dawa ya kuzuia damu isigande," alieleza daktari wake. "Kipimo kilionyesha dawa imemzidi. Jumatatu nikamwandikia kwenye akaunti yake ya mtandaoni: aache vidonge siku mbili, kisha aje tumpime upya."

"Kwa nini hukupiga simu?"

"Tangu tovuti ya wagonjwa ianze, maelekezo tunatuma huko. Mfumo ulionyesha ujumbe umesomwa. Nikajua yameisha."

"Maneno ya ujumbe huo usimwambie mtu yeyote," Mkasi alisema. "Hata ndugu zake."

Binti mdogo alifika kwa basi kutoka mji mwingine, alikokuwa mwalimu wa sekondari. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Wewe ndiye uliyekuwa unaangalia akaunti ya mama?"

"Ndiyo. Naifungua kila jioni kwenye simu yangu, kisha nampigia mama namweleza."

"Jumatatu uliona nini?"

"Hakukuwa na kitu. Nikamwambia mama aendelee na dawa kama kawaida." Alifuta macho. "Mimi ndiye niliyemwambia."

"Saa nne asubuhi siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Nasimamia mtihani. Simu zote zilikuwa ofisini kwa mkuu wa shule."

"Na Jumatano mligombania nini?"

"Sijui hata leo. Dada alinipigia akaniambia nijifunze kuangalia vizuri. Nikamuuliza kuangalia nini. Akacheka, akakata."

Mkuu wa shule alithibitisha habari za simu. Mkasi akaenda hospitali, kwenye chumba chenye feni mbovu alimokaa fundi wa kompyuta.

"Nani alifungua ujumbe ule?"

"Mgonjwa," fundi alijibu, kisha akajikuna kichwa. "Maana yake mtu yeyote mwenye neno lake la siri. Mfumo hautofautishi mama na mwana."

"Kwa simu ipi?"

"Simu ya mgonjwa mwenyewe. Jumatatu, saa nne na dakika kumi asubuhi. Dakika mbili baadaye ukafutwa."

Mama asiyeona herufi hakuweza kusoma ujumbe, seuze kuufuta. Na ndani ya nyumba ile walikuwa wawili tu.

Binti mkubwa aliletwa kituoni mchana. Alikaa wima, mikono mapajani.

"Simu ya mama ulikuwa unaishika?"

"Kuichaji tu. Mambo ya tovuti siyajui. Hayo ya wasomi."

"Kwa hiyo kosa ni la mdogo wako?"

"La nani tena? Kazi yake ilikuwa hiyo moja. Angekuwa makini, angemwambia mama apumzike na vidonge kwa zile siku mbili, na leo tungekuwa naye."

Mkasi aliweka kalamu chini taratibu.

"Siku mbili zipi?"

Mwanamke yule akaitazama kalamu iliyolala mezani.

"Ninaowajua waliosoma maneno hayo ni daktari na mimi," Mkasi alisema. "Wewe uliyasoma wapi?"

Aliongea kwa sauti ya chini, kama anayejisemea.

"Simu ililia, nikasoma. Neno la siri mama alilitaja mara mia nikiwepo. Nilitaka mdogo wangu akose siku moja tu, aonekane naye anakosea. Kila asubuhi ni 'mdogo wako kasema hivi, mdogo wako kaona vile.' Mimi nimemgeuza kitandani, nimemfulia mashuka, na hospitali wananiita 'yule anayemsindikiza.' Waliposajili walitaka jina la mlezi. Nafasi ilikuwa moja. Likaandikwa la mdogo wangu."

"Dawa ulimpa wewe?"

"Kwa mkono wangu. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Nilikuwa nasubiri mama aniulize mimi. Angesema tu, 'Mwanangu, wewe unaonaje?' ningemwambia pale pale. Hakuuliza."

Mkasi alikuwa na kaka aliyepiga simu nyumbani kila Jumapili na kusifiwa wiki nzima. Hilo hakulisema. Aliandika maelezo, akayasoma kwa sauti, na mwanamke akaweka sahihi. Shtaka lilikuwa kuua bila kukusudia.

Kisha akatoa karatasi nyingine. Mdogo mtu ndiye aliyempa: nakala ya barua aliyoituma hospitali kupitia tovuti ile ile, mara tatu, bila kujibiwa. Mkasi alifikiri kumficha, akaona hana haki hiyo.

"Mama yako alisema, mdogo wako akaandika," alimwambia, akasoma. "'Naomba mmuongeze binti yangu mkubwa kwenye akaunti hii. Ndiye anayeniuguza. Huyu mdogo ananisomea tu. Mkiniambia nichague mmoja, basi liandikeni la mkubwa.'"

Binti mkubwa alinyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaisoma mwenyewe.

"Aliandika lini?"

"Mwezi wa tatu."

Akaikunja karatasi vizuri, mara mbili.

"Mimi nilianza kumnunia mama mwezi wa nne," alisema.