Nge Mgongoni

Ukoko wa magadi ulipasuka chini ya gurudumu la mbele, pikapu ikainama na kuzama hadi kwenye bampa. Mutinda alikanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakazunguka pale pale, yakirusha tope jeupe lenye harufu ya yai bovu. Kisha injini ikazima, na bonde lote likanyamaza.

Akoth alishuka akiwa tayari amechoka. Kwa miaka mingi alikuwa akiuza magadi kijijini Raila, Kibera, kwa akina mama wanaopika githeri na mboga za kienyeji. Mwaka huo wa tisini na nne, mtu aliyekuwa akimletea mzigo alitoweka, naye akaamua kuufuata mwenyewe huku chini, kusini mwa mji wa Magadi. Mutinda, Mkamba wa Kawangware mwenye pikapu kuukuu ya kubebea mizigo, alikubali kumpeleka. Hawakuwa marafiki. Walijuana tu kama watu wa kazi wanavyojuana.

Mutinda aliweka ubao juu ya tope, akasimamisha jeki juu yake. Ubao uliteleza, jeki ikaruka, na gari likaangukia mguu wake wa kulia. Akoth alichimba kwa mikono mpaka mguu ukatoka, kiatu kikabaki ndani. Vidole viwili vilikuwa vimepondeka, na magadi yalikuwa yameingia kwenye kidonda yakiunguza. Alimimina maji kidogo ya kunywa kuyaondoa, ingawa Mutinda alimkataza, kisha akachana leso yake na kuufunga mguu.

Walingojea kivulini mwa gari siku hiyo na siku iliyofuata. Hakuna aliyepita. Mbali kule, korongo wekundu walisimama majini, maji ambayo mtu hawezi kuyanywa. Midomo ya Akoth ilipasuka. Jerikeni ilipokauka, Mutinda alimwelekeza bomba la chini la rejeta.

"Hiyo maji iko na kutu," alisema, "lakini ni maji."

Akoth aliyachuja kwa kitambaa chake cha kichwa. Yalikuwa mekundu, na yalikuwa na ladha ya chuma. Walikunywa kwa kifuniko cha chupa, mmoja baada ya mwingine.

Jua lilipotua walikubaliana kuondoka. Mji ulikuwa kaskazini, nyuma ya vilima, na mchana joto lingewamaliza. Hakukuwa na mwezi. Giza lilipokaza, Mutinda alimshika bega Akoth akamgeuza kusini.

"Unaona hiyo nyekundu? Huo ni moyo. Juu yake kuna kichwa, halafu mkia unashuka ukijikunja. Huyo ni Nge."

Akoth alitazama juu kwa muda. Alimwambia Mutinda kwamba yeye alizaliwa mwezi wa Novemba, na kila Jumapili jirani yake Audrey humsomea gazetini nyota ya Nge inasema nini juu ya mapenzi na kazi. Hakuwahi kufikiri kwamba Nge ni kitu kilicho mahali fulani, chenye mkia. Huko Raila, moshi na taa hazikumwachia mtu nafasi ya kutazama.

"Na wiki hii gazeti ilisema nini?" Mutinda aliuliza.

"Ilisema nipumzike."

Mutinda alicheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi. Yeye hakuamini mambo ya magazeti. Nyota alifundishwa na padre mmoja kule Kitui, wakati Mutinda alipokuwa dereva wake. Padre huyo alimsimulia hadithi ya kale ya Wagiriki: mwindaji mmoja alijisifu kwamba angeua kila mnyama duniani, akatumiwa nge, nge akamuua. Wote wawili wakawekwa angani, lakini mbali mmoja na mwenzake, hata leo Nge akizama ndipo Mwindaji anapochomoza.

Basi wakaenda kaskazini, Nge mgongoni, mkono wa Mutinda shingoni kwa Akoth. Ukoko uliwavunjikia miguuni. Kisha wakapata changarawe, kisha miiba. Mutinda alizidi kuwa mzito na mwenye moto mwilini, akaanza kuongea Kikamba na mkewe Wayua, ambaye hakuwepo. Akoth aligeuka mara kwa mara kumtazama Nge, akajipanga, akaendelea.

Alichosahau ni kwamba nyota hutembea. Nge aliteremka polepole upande wa magharibi, na kila Akoth alipomwekea mgongo, alipinda bila kujua. Hatimaye mkia nao ukazama. Akoth alibaki katikati ya mawe asijue pa kwenda, akaketi, na Mutinda akateleza chini kando yake.

Akili ya Mutinda ilirudi kidogo. Alimwambia aende peke yake, akalete watu.

"Nikikuacha sitakupata tena," Akoth alisema. "Huku kila mahali ni sawa."

Hakusema hivyo kwa ujasiri. Alikuwa amechoka mno hata wazo la kuinuka peke yake lilimshinda. Aliweka mguu wa Mutinda wenye kidonda juu ya paja lake, akasinzia.

Baridi ilimwamsha. Mbele yake, juu ya ukingo wa bonde, nyota tatu zilikuwa zimechomoza zikiwa zimepangana wima.

"Mwindaji," Mutinda alinong'ona. "Mshipi wake hutoka mashariki kabisa."

Akoth alielewa. Usiku mzima walikuwa wakipinda kuelekea huko huko Mwindaji alikokuwa akichomoza, badala ya kaskazini. Maji ya rejeta yaliyosalia chupani aliyatia yote kinywani mwa Mutinda. Akamwinua, akageuka kushoto, akamweka Mwindaji mkono wa kulia, wakaanza upya.

Jua lilikuwa limekwisha kuwaka walipokuta samadi mbichi ya punda. Waliifuata, wakianguka na kuinuka, mpaka wakasikia sauti za wanawake. Walikuwa Wamasai watatu waliotoka kuchota maji. Mmoja alimfungulia Akoth kibuyu, akamshika kidevu ili asinywe kwa pupa. Mutinda walimlaza juu ya punda, miguu ikining'inia, wakampeleka zahanati.

Vidole viwili vilikatwa. Pikapu ilivutwa baadaye, na Mutinda akaiuza. Akaanza kuuza vipuri pale stendi ya Kawangware 56, akikaa kwenye stuli. Akoth aliacha magadi akageukia omena, dagaa wa ziwani. Hakuwa mwepesi tena wa kuharakisha jambo. Wateja walilalamika kwamba siku hizi hukaa tu huku akiwatazama, na yeye aliwaacha waseme.

Jioni moja Wayua alikuja Raila kwa miguu, akiwa na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, ndani ya kiondo. Akoth alimpa kiti.

"Baba ya watoto anasema ulimbeba," Wayua alisema.

Akoth alikipokea kiondo.

"Sikumbeba," alisema. "Tulikuwa tumeshikana. Angeachilia, mimi pia ningeanguka."