Uzi wa Machi Mkononi mwa Yordanka

Kila asubuhi Yordanka hukamua mbuzi wake, hugandisha maziwa, kisha huwapikia kiamsha kinywa wageni waliolala nyumbani kwake. Njia za milima ya Rodopi anazijua kama jiko lake. Lakini kuongoza wageni milimani kunataka kibali, na kibali kinataka mtihani wa kuzungumza Kiingereza. Mtihani wa vuli alianguka.

Sasa mumewe, Stoimen, ameanza kutafuta begi lake. Kila mwaka huenda Ujerumani kuchuma stroberi. Cheri za nyumbani huiva na kuisha bila yeye kuzionja.

"Ukipata kibali, siendi tena," alisema.

"Na nikikosa?"

Stoimen alilikung'uta begi vumbi.

Yordanka akaenda kwa jirani yake Nevena, mwalimu wa Kiingereza. Alimkuta akisokota nyuzi nyekundu na nyeupe za Machi, zile tunazofunga mkononi mwezi ukianza na kuzivua tuzifunge tawini mti wa kwanza ukichanua.

"Dada Nevena, nina kichwa kigumu. Ile 'to' na ile '-ing' nabahatisha tu. Nilisema 'I want to walk', yule mama Mwingereza aliyenitahini akakataa. Nikabadilisha, nikasema 'I want walking', akaandika kitu kwenye karatasi yake."

"Alikataaje?"

Yordanka akakiinua kichwa na kukiinamisha.

Nevena alicheka mpaka uzi ukamponyoka. "Masikini wee. Hivyo tunakataa sisi. Kwao huko ndiko kukubali. Ulisema sawa, ukajiharibia mwenyewe."

Yordanka alitaka kulia na kucheka kwa pamoja.

"Lakini ungekuwa na uhakika, usingekitazama kichwa cha mtu," Nevena aliendelea. "Lete mkono."

Akamfunga uzi. "Mwekundu ni wa jambo lililo mbele, halijafanyika. Unataka, unatumaini, unaamua, unaahidi: want, hope, decide, promise. Hapo weka 'to'. Mweupe ni wa jambo ambalo umo ndani yake, au umeshalipitia. Unafurahia, unaendelea, unamaliza: enjoy, keep, finish. Hapo weka '-ing'."

"Vitenzi vyote vinatii?"

"Wapi. Vipo vikaidi, hivyo utavikariri tu. Na 'like' inakubali vyote viwili, usihangaike nayo."

Tangu siku hiyo Yordanka alizungumza na mbuzi. "I enjoy milking," alisema, akagusa uzi mweupe, maana kukamua alikuwa anakufurahia palepale. "I hope to pass," akagusa mwekundu, maana kufaulu kulikuwa bado mbele.

"Hao mbuzi watafaulu kabla yako," Stoimen alimtania.

"Wakifaulu wao, wewe ndiye utakayebaki na majani."

Siku ya mtihani alimkuta mama yuleyule. Aliulizwa kwa nini anaitaka kazi hii.

Yordanka akagusa mweupe. "I enjoy walking here." Akagusa mwekundu. "I want to show people our mountains."

Yule mama akakiinua kichwa na kukiinamisha. Moyo wa Yordanka ulishtuka. Ulimi ulitaka kubadilisha, kama zamani. Lakini hakukitazama tena kile kichwa. Alikuwa anajua.

"I want to show," alirudia, taratibu. Kisha akaongeza kwamba anatumaini mumewe atabaki nyumbani, na hilo nalo akalisema sawasawa.

Matokeo yalitolewa palepale.

Stoimen alikuwa langoni, begi limefungwa. "Vipi?"

Yordanka akakiinua kichwa na kukiinamisha.

Uso wa Stoimen ukasinyaa. "Usijali, mke wangu. Nitampigia dereva simu aje kunichukua."

"Umpigie ya nini? Hicho kilikuwa kichwa cha Kiingereza. Nimefaulu, bwana. Fungua begi."

Mplamu ulipochanua, waliufunga uzi ule tawini pamoja. Na cheri zilipoiva, Stoimen alizila mpaka tumbo likamuuma.