Flashi Yenye Sauti ya Ayeeyo

Kila Jumamosi baada ya adhuhuri, nyumba ya kina Deeqa kule Hodge Hill, mjini Birmingham, ilijaa wageni hadi viatu vikakosa nafasi mlangoni. Jirani yao Mama Kibet, muuguzi aliyejua habari za kila mtu, hakukosa hata siku moja. Chai ikishamiminwa, mama yake Deeqa alichomeka flashi kwenye televisheni, na Ayeeyo, bibi yao, akatokea.

Ayeeyo alifariki mwaka jana huko Isiolo, Kenya. Katika video ile alikuwa akipepeta mchele na kuwasalimia wajukuu. Mwishoni alisogea karibu, akauliza, "Na wewe Deeqa, umekula?"

Deeqa, mwenye miaka kumi na miwili, alizaliwa Birmingham na hakuwahi kufika Isiolo. Alimjua Ayeeyo kupitia kioo tu, na kila mara alitamani angalau kuunusa ule mchele. Simu iliyoirekodi video ilikuwa imekwisha kuharibika. Sauti ya Ayeeyo ilibaki kwenye flashi ile peke yake.

Jumamosi moja Ayeeyo hakutokea.

"Juzi flashi ilikuwa kwa Mama Kibet," shangazi Sagal alisema. "Alitaka picha za harusi."

"Mimi? Niliirudisha nzima!" Mama Kibet aliruka. "Mwenye neno aniambie hapa hapa, nisije nikalisikia kwenye basi!"

Wageni walicheka, lakini mama hakucheka. Aliifumbata flashi kiganjani, machozi yakimlengalenga. Deeqa aliinamia zulia. Karibu kila siku baada ya shule alijaza katuni kwenye flashi ile, akazifuta, akajaza nyingine, kisha akaichomoa taa yake ikiwa bado inawaka. Na jana, nafasi ilipokosekana, alifuta faili moja bila kusoma jina.

Jioni hiyo hiyo Deeqa na mama yake walikwenda mtaa wa Digbeth kwa Navnit, fundi wa kompyuta aliyezaliwa Kisumu. Mama Kibet naye alifuata, eti kusafisha jina lake.

"Karibuni, dada zangu," Navnit alisema. "Kabla sijaigusa, nipeni ukweli. Faili iliyofutwa inaweza kupatikana, mradi nijue kilichowekwa juu yake. Nani aliitumia mwisho?"

Mama alimgeukia Mama Kibet. Deeqa alianza kusema kwa Kiingereza, kama kawaida yake, akasita.

"Ni mimi, Mama," alisema kwa Kiswahili. "Nilifuta jana, nikaweka katuni moja. Si Mama Kibet."

"Wewe mtoto!" Mama Kibet alishika kiuno. "Na mimi nimeshatangazwa mkosaji mpaka mtaa wa Great Barr!" Kisha akamvuta Deeqa ubavuni pake, kwa maana mtoto alikuwa akilia.

Baada ya saa nzima, Navnit aliwaita. Mwanzo wa video, pale penye mchele, ulikuwa umepotea kabisa. Mwisho ulipona.

"Flashi huchoka, binti," alisema. "Kila ukiandika na kufuta, inachakaa. Katuni zitafutie flashi yake, na usiijaze pomoni. Ukitaka kuichomoa, iage kompyuta kwanza kwa kubofya pa kuitoa, usubiri taa izime."

"Basi hiyo itaishi milele?" Mama Kibet aliuliza.

"Wapi! Itaishi zaidi, lakini siku moja itakufa tu. Ndiyo maana nimewatolea nakala mbili. Ziwekeni nyumba mbili tofauti."

Mama alimkabidhi Mama Kibet nakala moja. "Nisamehe, dada. Nilikufikiria vibaya." Kisha akamgeukia mwanawe. "Deeqa, kukosea kila mtu hukosea. Lakini ulinyamaza jirani yetu akibebeshwa kosa lako, na ungeendelea kunyamaza, tungempoteza Ayeeyo mara ya pili. Kosa liseme mapema, lingali linatengenezeka."

Jumamosi iliyofuata nyumba ilijaa tena. Ayeeyo alisogea karibu, akauliza, "Na wewe Deeqa, umekula?"

"Nimekula, Ayeeyo," Deeqa alijibu.