Mtama Ule Tuliushukuru

Ndugu zangu mnaosoma, mimi ni kijana wa miaka ishirini na mitatu, mkulima wa huku Ugogo, mwendo wa siku moja kutoka Dodoma. Sijaoa. Nimewalea wadogo zangu tangu ndui ilipowachukua baba na mama. Wadogo hao walikuwa wawili, Raheli na Yona. Leo ninapoandika haya yupo Yona peke yake... na habari yangu ndiyo hiyo.

Wazazi wetu walikuwa watu wa misheni. Waliniita Eliya, wakaniingiza shuleni, na mwalimu alikuwa amekwisha kusema kwamba siku moja nami nitafundisha. Walipokufa nilirudisha kibao cha kuandikia, nikashika jembe. Sikuililia shule. Nilikuwa na watoto wa kulisha!

Raheli alikuwa bado anang'oka meno ya utotoni. Jioni tukipiga magoti ndani ya tembe letu, yeye ndiye aliyeomba, kwa sauti ndogo ya puani, tena maombi marefu hata Yona akasinzia na kuangukia begani kwangu. Tulikuwa maskini, lakini tulikuwa watatu.

Kisha mvua ikakata.

Mwaka wa kwanza tulivuna kidogo. Mwaka uliofuata mtama uliota, ukaungua ungali mfupi. Tukala mlenda mkavu, tukala ubuyu, tukachimba mizizi. Ng'ombe wetu walikufa wote. Niliomba asubuhi, niliomba nikiwa shambani, niliomba nikitembea... Mbingu zilikuwa nyeupe tu!

Baba mdogo, ndugu yake baba, hakuwa mtu wa misheni. Alikuwa akipita karibu na kwetu na kuniita kwa kicheko, "Eliya! Jina lako si la yule mtu wa mvua mnayemsoma? Hebu mwambie Mulungu wako atutemee hata mate!" Majirani walicheka. Nami nilicheka nao, maana nilimpenda. Ndiye aliyetusaidia kuwazika wazazi wetu.

Siku moja alikuja bila utani. Akaniambia, "Mwanangu, watoto hawa watakufia mikononi. Nipe Raheli nikamweke kwa rafiki yangu kule Bahi. Ana maziwa, ana mtama. Mvua ikirudi nitakwenda kumchukua mwenyewe."

Nikamweke!

Ninyi msio Wagogo, nawaomba mlielewe neno hilo. Sisi hatufugi ng'ombe wetu wote katika zizi moja. Wengine tunawaweka kwa marafiki, mmoja huku na mmoja kule, ili maradhi yakiingia zizi moja wasife wote. Rafiki anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wako. Kuweka ni jambo la heshima. Ni kumwambia mtu kwamba unamwamini kama damu yako. Basi nilisikia neno hilo la heshima, nikakubali. Nani kati yenu angekataa?

Raheli aliuliza jambo moja tu, "Na Yona atakula nini?"

Baba mdogo akacheka. "Ukienda wewe, Yona naye atakula."

Wakaondoka. Baada ya siku chache baba mdogo alirudi na punda aliyebeba mtama. Akasema ni zawadi ya rafiki yake. Tulipiga magoti pale pale uani, mimi na Yona, nikalia kwa furaha. Bwana, umesikia! Bwana, hukutusahau! Jioni ile tulikula ugali tukashiba, na Yona akaramba chungu mpaka kikang'aa.

Mtama ule ulikuwa haujaisha alipopita mama mmoja muuza chumvi, akitoka Bahi. Nilimpa uji kidogo, nami nikanywa wangu. Akautazama, akatazama nyumba yetu, akaniuliza kama mimi ndiye kaka yake Mtama. Nikamwambia sijui mtu wa jina hilo.

"Yule binti aliyewekwa rehani," akasema. "Kule kwetu wanamwita Mtama, kwa sababu ndio uliotolewa kwa ajili yake."

Wasomaji wenzangu... uji ulikuwa bado mdomoni mwangu.

Nilikimbia kwa baba mdogo. Hakukana! Alisema, "Boma la serikali limekataza kuuza watu. Nani ameuza? Mimi nimeweka! Peleka mtama wao, mchukue mtoto wako." Nyuma yake nikaona kilindo cha kuwekea nafaka kimejaa mtama, mtama uleule wa Raheli, na watoto wake wamenenepa mashavu. Sikumpiga. Mpaka leo sijui ni nini kilichonishika mkono.

Nilikwenda Bahi kwa miguu. Nilimkuta Raheli ukingoni mwa mbuga, amebeba kikapu cha udongo wa chumvi, mikono imepasuka kwa magadi. Aliponiona akatua kikapu. Mnadhani aliniuliza ninamchukua lini? Aliniuliza, "Kaka, Yona anakula?" Nikasema anakula. Akacheka! Akacheka kwa furaha, ndugu zangu, na pengo lake kinywani!

Mwenye nyumba, yule rafiki wa baba mdogo, hakunitukana. Alinisalimu "Mbukwa" kama mtu wa heshima, akanipa maji, akasema mtama ukirudi mtoto atarudi. Nikaenda kwa akida, mtu wa serikali aliyetutawala. Akida akasema kuwekana ni desturi yetu wenyewe, nisimsumbue. Nikarudi kumuaga Raheli, nikamwahidi mavuno ya kwanza.

Mavuno yapi? Mwaka ule nao mvua ilikataa. Nilikwenda kubeba udongo kwenye kazi ya reli, na posho niliyopata tuliila mimi na Yona ikaisha. Maombi yangu yalibaki maneno mawili. Bwana, mvua. Bwana, Raheli. Jioni moja niliacha katikati, nikauliza kwa sauti, "Upo?" Yona akafumbua macho akanitazama kwa hofu. Nikafumba tena, nikaendelea. Niendelee kwa nani mwingine?

Nilimwendea mwalimu wangu wa zamani nikamwambia kwamba sijibiwi. Akasema, "Eliya, sina la kukuambia. Kaa hapa tuombe wote." Nilimshukuru kwa kutonidanganya.

Mwaka uliofuata mvua ilinyesha. Ilinyesha kama iliyokuwa imefungiwa! Mtama ulisimama kupita kichwa changu. Tulipopura, nilimkataza mtu yeyote asionje mpaka kipimo cha Raheli kitoke. Mimi na Yona tuliubeba mzigo ule mpaka Bahi, na njia nzima Yona alikuwa akiimba.

Mke wa mwenye nyumba alitoka mlangoni. Aliuona mzigo kichwani mwangu. Akaweka mikono yake kichwani.

Raheli alikuwa amekwisha kufa. Mvua zilezile nilizoziomba zilijaza mbuga ya Bahi maji, mbu wakajaa, homa ikaingia, ikamchukua. Walinionyesha rundo dogo la mawe. Yona aliuliza, "Yuko wapi?" na mimi nikamshika mkono, nikamsogeza karibu na mawe yale.

Mwenye nyumba aliukataa mtama. Nami nikakataa kuurudisha. Ukabaki chini kati yetu.

Ndipo mama yule akaniambia, "Kila jioni mtoto yule alipiga magoti pale jikoni. Tulimcheka, tukasema Mtama anaongea na chungu. Siku moja nikamwuliza anaomba nini. Akasema, 'Naomba kaka na Yona wasife njaa.' Nikamwuliza, huombi kurudi kwenu? Akasema, 'Naomba, lakini baadaye. Hilo la njaa ndilo la kwanza.'"

Hilo la kwanza...

Katika kijiji chetu nyumba nyingi zilibaki tupu kwa njaa ile. Sisi wawili hatukufa. Mimi niliyesema mbingu zimefungwa, nilikuwa natembea na kula ndani ya jibu la maombi ya mtoto, wala sikujua. Sisemi kwamba nilifarijika. Nililia njia nzima, na nikikumbuka nalia hata sasa. Kwa nini Mungu alisikia la kwanza, lile la pili likabaki? Sijui. Nimemwuliza mara nyingi. Lakini siwezi tena kusema kwamba hasikii.

Ndugu zangu, nawasihi kwa machozi. Njaa ikija msimweke mtoto, hata aliyekuja kuwashawishi awe ndugu wa damu, hata neno alilotumia liwe zuri namna gani. Na chakula kikija ghafla, ulizeni kwanza kimetoka wapi, kabla hamjasema amina.

Baba mdogo yu hai. Nikikutana naye njiani namwamkia shikamoo, anaitikia huku anatazama chini. Hanitanii tena kuhusu mvua.

Siku hizi anayeomba kwetu ni Yona. Naye anaomba maombi marefu, ila mimi sisinzii. Na kila tunapopura, kipimo cha kwanza cha mtama bado ni cha Raheli. Hatukili. Tunatafuta nyumba yenye mtoto ambaye watu wameanza kuzungumza habari ya kumweka, tunautua mtama mlangoni, tunarudi kwetu.