Keki Nne na Kijiko Kimoja

Katika kiwanda cha samaki kulikuwa na sheria moja, na kila mfanyakazi aliijua. Anayechelewa zamu huandikwa jina ubaoni, na Ijumaa huleta keki aliyoioka kwa mkono wake.

Jina la Gunnvor lilikuwa ubaoni mara nne. Hakuwa ameleta hata keki moja.

"Nne, dada," alisema Torleif, msimamizi wao. "Au tukuwekee jiko hapa hapa kazini?"

Wenzake walicheka. Gunnvor hakucheka.

"Nitaleta," alijibu, macho chini.

"Ukichelewa mara ya tano, habari itafika ofisini. Hilo si la keki tena."

Mji wao uko kaskazini kabisa mwa Norwei. Jua huzama mwishoni mwa Novemba, wala halichomozi tena hadi Januari inapokaribia kwisha. Gunnvor alitoka nyumbani gizani. Alikata minofu ya samaki kutwa nzima katika ukumbi usio na dirisha, kisha akarudi nyumbani gizani. Alilala kwa muda wa saa kumi na moja, akaamka amechoka. Yeye aliyesifiwa kwa keki hakuwa amegusa unga tangu Novemba. Mama yake alianza hivi hivi. Alijilaza kitandani majira mamoja ya baridi, na kazini hakurudi tena.

Tangu utotoni Gunnvor alijua dawa ya majira hayo: kijiko kimoja cha mafuta ya ini la samaki kila asubuhi. Basi akajiambia, "Kimoja kikifaa, vitano vitafaa zaidi." Akaongeza na vidonge vikali vya vitamini D, vinne kwa siku. Chupa alizificha nyuma ya sabuni, mumewe Edvin asizione.

Wiki zikapita. Furaha haikuja. Kilichokuja ni kichefuchefu, kiu isiyokatika na choo kigumu. Hofu nayo ikazidi.

Jirani yao, Bibi Aslaug, alikuwa muuguzi mstaafu. Siku moja alikutana na Gunnvor penye pipa la chupa tupu.

"Mwanangu, hizi ni chupa tatu mwezi huu," alisema. "Mafuta haya mnakunywa, au mnapaka mashua?"

Gunnvor alitaka kucheka, machozi yakamtoka. Akasimulia yote, pale pale kwenye theluji.

"Nitakuuliza jambo, nawe unijibu kweli," alisema Bibi Aslaug. "Je, umewahi kuwaza kwamba heri usiishi?"

"Sijafika huko, bibi. Naogopa nitafika."

"Vema umesema. Ukifika, hata kama ni usiku, gonga mlango wangu. Sasa sikiliza. Kijiko kimoja hulinda mifupa yetu sisi tusioona jua. Lakini vitamini hii ikizidi, chokaa, yaani kalsiamu, huongezeka katika damu, na figo huumia. Na giza la moyoni haliondoki kwa kijiko. Hayo ni maradhi, nayo yana tiba yake. Kesho twende kwa daktari."

Daktari alimpima damu. Kwa siku mbili Gunnvor alingoja majibu, na kila simu ilipolia aliikimbilia. Edvin, ambaye sasa alijua yote, alikaa karibu naye.

Majibu yalipokuja, chokaa ilikuwa imezidi kidogo. Figo zilikuwa salama. Daktari alimwamuru aache vidonge na mafuta hadi damu ipimwe tena. Baada ya hapo arudie kijiko kimoja, basi. Alimpa taa maalumu yenye mwanga mkali, akae mbele yake nusu saa kila asubuhi. Tena atoke nje saa sita mchana, mbingu inapopata weupe kidogo, na kila wiki azungumze na mshauri.

Gunnvor alimwendea Torleif, akamweleza.

"Kwa nini hukusema?" Torleif aliuliza.

"Kama ningesema, hilo nalo ungeliandika ubaoni."

Torleif alitazama vidole vyake vyenye chaki. Kesho yake alihamisha mapumziko yakawa saa sita, na mlango wa kutokea gatini, penye mashua, ukafunguliwa kwa wote.

"Na jina lako?" alimuuliza. "Nilifute?"

"Liache. Deni ni langu."

Nafuu haikuja kwa siku moja. Wiki ya kwanza hakuona tofauti, akaogopa. Wiki ya pili aliamka kabla ya saa kulia. Damu ilipopimwa tena, ilikuwa sawa. Hakuchelewa mara ya tano.

Siku jua liliporudi, wafanyakazi walisimama gatini wakiliangalia. Lilichungulia juu ya mlima kwa dakika chache, likazama. Waliporudi ndani walikuta keki nne mezani.

Torleif alikata kipande katika kila keki, akala vyote vinne. Kisha akachukua kitambaa, akafuta jina la Gunnvor ubaoni mara nne.